Kabla Hujakata Tiketi, Hesabu Siku za Kurudi

Ukisema unataka kuzunguka dunia peke yako miezi minane, watu watakuuliza utalala wapi na ukiugua itakuwaje. Hayo yana majibu. Kwa sisi tunaoishi ughaibuni kwa vibali, swali zito ni jingine: kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kukaa nje muda gani kabla hakijafa?

Kila nchi ina hesabu yake. Ujerumani, kwa kawaida kibali hufutika ukikaa nje zaidi ya miezi 6, hata kile cha kudumu, isipokuwa umeomba na kupewa muda zaidi na ofisi ya wageni kabla ya kuondoka. Uingereza, mwenye ukaazi wa kudumu huupoteza akipitisha miaka 2 mfululizo nje. Kanada wanamtaka mwenye ukaazi wa kudumu awe na siku 730 ndani ya nchi katika kila miaka 5, wala si lazima zifuatane. Marekani, mwenye grini kadi akivuka miezi 6 atarajie maswali mpakani, na akifikisha mwaka bila kibali cha kurejea anaweza kuhesabiwa kuwa ameshahama. Kibali hicho hudumu hadi miaka 2, ila ombi lake hupelekwa ukiwa bado ndani ya Marekani. Ukikumbuka ukiwa Bangkok, imekula kwako. Wenye viza ya masomo au ya kazi waulize chuo au mwajiri, na jibu walipate kwa maandishi. Na kama umebakiza muda mfupi uombe uraia, mimi ningesubiri: miezi ya nje inaweza kukurudisha nyuma katika hesabu, na dunia haihami.

Hesabu ya pili ni ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, nayo huwachanganya hata wasafiri wazoefu. Mgeni anaruhusiwa siku 90 ndani ya siku 180, na hizo 180 huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia kila siku uliyopo huko. Tuseme umeingia Machi 1 ukatoka Aprili 29. Hizo ni siku 60, kwa sababu siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ukirudi Julai 1, usidhani umepata 90 mpya. Zile 60 bado ziko ndani ya siku 180 zako, kwa hiyo zimebaki 30 na Julai 30 uwe umetoka. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuandikisha wageni mpakani kwa alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo usitegemee muhuri uliofifia kukuokoa.

Pasipoti nayo iangalie mapema. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 mbele, na kuihuisha ubalozini ukiwa njiani ni kazi ya kukutoa jasho. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano hubebwa pamoja nayo. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Kama ndiyo kwanza unachanja, cheti huanza kufanya kazi baada ya siku 10. Bima soma kifungu cha urefu wa safari, maana bima nyingi za mwaka mzima huweka kikomo cha siku kwa kila safari.

Kitu kinachowakwamisha watu kuliko vyote hivyo ni laini ya simu. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye namba yako ya nyumbani. Laini ikifungwa kwa kutotumika, pesa yako unaiona lakini huigusi. Uliza kampuni ya simu laini hufungwa baada ya muda gani, iongeze salio, kisha hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki kabla hujaondoka. Beba kadi mbili za benki tofauti, na usiziweke mfuko mmoja.

Mwisho, chagua mtu mmoja, si kundi zima la ukoo. Mpe nakala za pasipoti, kibali na bima, na namba ya ubalozi wenu unaohudumia kila nchi utakayopita. Mkubaliane pia kimya cha siku ngapi kinamaanisha aanze kupiga simu, ili ukikosa mtandao siku mbili mama asipandishe presha bure.