Jirani wa BGP Anapokataa Kuungana: Ukaguzi Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa fundi wa mtandao wa Mtwara au Lindi ambaye ruta yake hubadilishana njia na ruta ya mtoa huduma (jirani) kwa BGP, itifaki ya kupeana njia kati ya mitandao, na ambaye kikao, yaani muunganisho wa BGP kati ya ruta hizo mbili, kikikatika katikati ya msimu wa korosho, ofisi zikiwa na haraka ya malipo, hushawishika kuanza kubadilisha mpangilio ovyo. Namsihi asiguse chochote kabla ya kusoma hali ya jirani.

Hatua ya 1. Kwenye ruta ya Cisco, andika amri ya show ip bgp summary, kisha utazame safu ya mwisho. Ukikuta namba, kikao kiko hai, na namba hiyo ni idadi ya njia zilizopokelewa. Neno Active limewadanganya mafundi wengi, kwa kuwa linamaanisha kwamba ruta ingali inahangaika kufungua muunganisho wa TCP (itifaki ya usafirishaji inayobeba BGP) na haijafaulu. Ukikuta Idle, anza kwa kuhakikisha kwamba ruta ina njia ya kufika kwenye anwani ya jirani.

Hatua ya 2. Pima jirani kwa ping, kisha jaribu poti 179 ya TCP. Ping ikipita na poti ikagoma, kagua fayawoli na orodha za ruhusa. Kumbuka pia kwamba pakiti za eBGP (BGP kati ya mitandao yenye namba tofauti za AS, yaani utambulisho wa kila mtandao) hutoka zikiwa na TTL (kikomo cha hatua ambazo pakiti inaweza kupita) ya 1. Mkiunganishwa kwa anwani za loopback (kiolesura cha ndani ya ruta kisichofungwa kwenye waya wowote), ongezeni TTL na kutaja anwani ya chanzo pande zote mbili.

Hatua ya 3. Linganisheni namba za AS na nenosiri kwa simu, herufi kwa herufi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwenye kiungo cha redio kati ya Mtwara na Lindi. Kikao kilisimama, kikadumu dakika tatu, kikaanguka, kikasimama tena. Ujumbe wa keepalive, unaomwonyesha jirani kwamba ruta bado iko hai, una baiti 19 tu, hivyo ulipita bila shida. Lakini pakiti kubwa zilizobeba njia zilitupwa kimyakimya na kifaa cha kati chenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita) ndogo. Kwa kuwa TCP hufikisha data kwa mpangilio, keepalive zilizofuata zilikwama nyuma ya pakiti hizo, hadi muda wa kusubiri wa sekunde 180 ukaisha.

Kulithibitisha hilo, tuma ping ya baiti 1500 iliyokatazwa kugawanywa, kisha upunguze ukubwa hadi ipite. Kwangu ilipita kwa 1400. Dawa bora ni kusahihisha MTU ya kiungo chenyewe. Mwenye kiungo akichelewa, shusha MSS ya TCP (kiasi cha juu cha data katika pakiti moja) kwenye ruta hadi 1360, yaani 1400 ukitoa baiti 40 za vichwa vya IP na TCP, kisha uanzishe kikao upya.

Usimwambie mteja kwamba mtandao umerudi kabla kikao hakijavuka dakika kumi.