Waya wa santuri uwe mfupi, urefu upeleke kwenye spika

Nikiitwa kumfungia mtu mashine ya santuri, bei ya waya hainishughulishi. Naangalia kwanza umbali kutoka mashine hadi amplifaya. Ukizidi mita moja na nusu, tunahamisha vyombo kabla ya kuchomeka chochote.

Katriji ya kawaida ya sumaku, yaani kile kichwa chenye sindano, hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 tu. Ishara dhaifu hivyo huingiliwa upesi na mvumo wa nyaya za umeme zilizo jirani. Halafu waya wenyewe huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji (kapasitansi), unaopimwa kwa pikofaradi: nyaya nyingi zina kama 100 kwa kila mita. Katriji nyingi za aina hii hutaka jumla ya kati ya 100 na 300, pamoja na waya wa ndani ya mkono wa mashine unaoshika katriji na tundu la amplifaya. Ukifunga waya wa mita tatu umeshavuka. Matokeo yake utayasikia kwenye sauti za juu: "s" za mwimbaji zinachoma masikio, na mlio wa matoazi unapoteza wepesi wake.

Spika hazina udhaifu huo. Waya wa milimita 1.5 za mraba unafika mita 10 bila taabu kwa spika ya omu 8. Kama chumba hakiruhusu kusogeza, weka priamplifaya ya santuri, kifaa kinachokuza ishara ya katriji, kando ya mashine; ishara ikishakuzwa, mita 4 au 5 kwenda kwenye amplifaya si kitu.

Waya wa santuri usilale sambamba na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Ule waya mwembamba wa ardhi ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND (ardhi), na ukaze vizuri. Mivumo mingi ninayoitiwa huishia hapo.

Mashine isikae juu ya amplifaya, wala meza moja na spika. Kisha jaribu hivi: chagua PHONO (tundu la santuri) kwenye amplifaya, ongeza sauti kiasi, na sahani ikiwa imesimama, pitisha mkono wa mashine taratibu kuelekea katikati bila kushusha sindano. Mvumo ukipanda kadiri katriji inavyosogelea upande wa amplifaya, transfoma ya amplifaya ndiyo inayosikika. Tenga mashine sentimita 30 zaidi, au ihamishie upande wa pili, urudie jaribio.