Somo: Jinsi ya kumpeleka mzee aliyekuwa jeshi kuona kumbukumbu za vita Nairobi bila kumchosha

Hii naandikia wale mko na mzee nyumbani aliyetumikia jeshi na mngependa kumtoa siku moja akaone mahali wenzake wanakumbukwa. Mimi huenda na baba. Jambo la kwanza kabisa, usipange siku kwa kuhesabu sanamu, panga kwa miguu ya mzee. Mahali pawili panatosha, tatu kama bado ako na nguvu.

Hatua ya 1: Muulize anataka kumkumbuka nani. Mzee wa miaka 80 leo hakupigana Burma kwa vita ya pili ya dunia, yeye aliingia jeshi Kenya Rifles ikiwa changa, na vita anayoijua ni ya Shifta kule kaskazini, 1963 hadi 1967. Lakini babake ama mjomba wake huenda alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), na babu yake alibebeshwa mizigo vita ya kwanza. Kila mmoja ako na mahali pake hapa Nairobi, so ukimuuliza mapema utajua muda mwingi uuweke wapi.

Hatua ya 2: Chagua Jumapili asubuhi. Tao huwa imetulia, unaweza kusimamisha gari bila kupigiwa honi. Akule kwanza, ameze dawa ya presha, apite chooni kabla mtoke. Beba maji, mwavuli na kile kistuli cha kukunja, hicho kistuli usikisahau. Na miwani yake ya kusomea iwe kwa mfuko wa shati, si kwa begi.

Hatua ya 3: Anzia Kenyatta Avenue. Pale ndio kuna sanamu ya Askari, wanaume watatu wa shaba, iliwekwa 1928 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kwa hivyo muache asome mwenyewe, usimsomee. Atafika pale wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Kile hatapata ni jina la mtu hata mmoja. Hili jambo huniuma sana, maana waliokufa kwa njaa na kuhara wakibebea jeshi chakula na risasi walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakuandikwa popote. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikubali yenyewe kwa ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Mkiwa pale na mzee anajua jina la babu yake, alitaje kwa sauti.

Ukitoka hapo Kimathi Street ni karibu, sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iko huko tangu 2007. Dakika chache tu, mkitaka.

Hatua ya 4: Makaburi ya vita, Ngong Road. Hapa ndio kiini cha safari, tenga masaa mawili. Makaburi ni 1,952, yote ya vita ya pili, na 11 hayajulikani ni ya nani. Nyasi imekatwa, miti iko, kumetulia kiasi mzee anaanza kuongea bila kuulizwa. Wakristo, Waislamu, wazungu, Waafrika, wote wako.

Humo ndani kuna East Africa Memorial, ya wale hawana kaburi. Majina yamepangwa kwa kikosi, halafu cheo, halafu alfabeti, so kama hujui kikosi utatafuta mpaka jua lizame. Tafuta kwanza kwa tovuti ya hiyo Tume, ni bure, uandike kwa karatasi. Wengi wameandikwa jina moja na la babake, kwa hivyo jaribu tahajia tofauti tofauti.

Muulize mzee kama anajua habari ya meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani ikaizamisha. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wakiwa vijana wetu wa East African Artillery, kikosi cha mizinga, na majina yao yako hapo. Baba hufuata hayo majina kwa kidole, pole pole, na akikuta jina la kwao anasimama, anavua kofia, anauliza huyu alikuwa wa nyumba gani. Wewe weka kistuli chini na ungoje. Usimharakishe.

Hatua ya 5: Uhuru Gardens, Lang'ata Road, kama bado ako sawa. Bendera ya Kenya huru ilipandishwa pale usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Kama amechoka, rudini nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Babu alifia Burma. Jina lake liko hapo Ngong Road?*
Hapana ndugu. Kama hana kaburi, tafuta Rangoon Memorial, iko Taukkyan kule Myanmar, ina karibu majina 27,000 na wa Afrika Mashariki wako humo. Kwa tovuti utaipata, uchapishe ukurasa umpelekee mzee.

*Shosho wetu aliteswa wakati wa Emergency (Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau) na mumewe alikuwa KAR. Tuwapeleke wote?*
Waulize kila mmoja peke yake kwanza. Shosho mahali pake ni Uhuru Park, Freedom Corner, kuna ukumbusho wa walioteswa uliozinduliwa 2015, mama anampa mpiganaji chakula na kila mmoja anatazama kando wasitambuane. Mimi singewapeleka siku moja. Kila mmoja anastahili siku yake.

*Anaweza kuvaa kombati yake ya zamani?*
Achana na kombati, mtasimamishwa njiani. Suti, bereti, medali upande wa kushoto. Za babake avae kulia.

*Bila gari itawezekana?*
Ya Ngong Road, matatu ya 111 inapita. Lakini mzee wa fimbo mchukulie teksi hata kama ni ya kurudi tu. Na kama mnataka kwenda siku ya ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ni Jumapili ya pili ya Novemba, fikeni mapema mpate kiti kivulini.