Mtoto akisumbuka kuandika, tazama vidole vyake kwanza

Mzazi mwenzangu, kabla hujamgombeza mtoto kwa mwandiko, mtazame anavyoshika penseli. Akiikamata kwa ngumi na kuikandamiza mpaka karatasi inatoboka, mkono unachoka kabla mstari haujaisha. Mpe kipande kifupi cha penseli au chaki, kama urefu wa kidole chake gumba. Hakina nafasi ya ngumi, kwa hiyo atakishika kwa ncha za vidole bila kuambiwa. Nje ya daftari, afinyange udongo, abane vibanio vya nguo, achore herufi kubwa mchangani. Dakika 10 kwa siku zinatosha, tena akiwa hajachoka. Kugeuza b ikawa d akiwa na miaka 5 au 6 ni kawaida. Ikiendelea akifika 8, ongea na mwalimu wake, na macho yapimwe pia.