Dogo anataka injinia Marekani? Cheki kwanza gredi za hesabu

Wadau, kama dogo wako yuko hai skuli huko Marekani na anataka kuomba injinia chuoni, msikomae na GPA (wastani wa gredi) ya jumla tu, maana wanaopitia maombi wanafungua transkripti (rekodi ya masomo na gredi zake) na kutazama masomo yanayoendana na kozi aliyotaja. A za historia hazifichi C ya fizikia. Kwa hiyo mpange hesabu mapema tangu darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa hai skuli, aljebra, jiometri, mpaka mwaka wa mwisho awe kwenye kalkulasi (calculus), na fizikia asiikimbie.

Halafu chuo chenyewe, hapa ndo wengi wanachemka. MIT, chuo maarufu cha teknolojia, hawachukui mtu kwa kozi, kozi unachagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Ila vyuo vya University of California injinia unaitaja kwenye fomu kabisa, na GPA wanapiga kwa darasa la 10 na 11, la 9 wanaliona ila halihesabiwi, ilimradi asiwe chini ya C, so aliyeanza vibaya bado yumo.

Na ule ujanja wa kuingia na kozi nyepesi halafu uhamie injinia, achaneni nao, kuhama ni mbinde.