Kugeuza maji kuwa jeli na amino asidi (kijenzi cha protini): siri iko kwa enzimu

Benye muko na labo ndogo huku Bukavu, anzeni na Fmoc-tirosini fosfeti (amino asidi moja, tirosini, iliyofungiwa kipande cha Fmoc na cha fosfeti), njo rahisi ya kuanzia. Ile fosfeti iko na chaji hasi, inaifanya ipende maji. Enzimu (protini inayoharakisha kemia) inaitwa fosfatasi alkali inakuja inaikata ile fosfeti, kinachobaki hakipendi maji tena, molekuli zinashikana, zinajipanga kuwa nyuzi nyembamba sana na nyuzi zinafunga maji ndani.

Weka miligramu 10 hivi kwa mililita 1 ya bafa ya Tris (maji yenye kushikilia pH isibadilike ovyo), kisha pima pH kwanza (kipimo cha asidi), maana hii poda ni asidi na itakushusha bila wewe kujua. Tia soda kostiki tone kwa tone mpaka ifike 8.5 ao 9, maji yawe maangavu, safi kama ya kunywa. Bafa ya fosfeti achana nayo, inachelewesha enzimu, na EDTA (kemikali ya kunasa madini) kabisa usiguse, inaiba zinki na magnezi ya enzimu, enzimu inakufa.

Tia enzimu kidogo, geuza kichupa polepole mara mbili tu (usitikise kama juisi!), acha kwa digrii 37 na usikisumbue. Baadaye kigeuze juu chini, kama hakuna kinachoteremka, jeli iko tayari.

Haraka unataka? Ongeza enzimu. Lakini mimi napenda polepole, ikienda mbio sana jeli inatoka na mabonge.

Na enzimu changanya ya siku ile ile, sisi umeme ulikatika siku mbili, ile ya frigo yote ikapotea.