Taka mbichi shinani zinawafukuza chungu maji moto minazini

Vidaka vinapukutika, na mkulima analaumu jua. Okota kimoja, bandua kikombe chake cha juu. Ukikuta vidonda vyeusi vilivyodidimia na utomvu ulioganda, jua halina kosa. Huyo ni mdudu mfyonzaji, Pseudotheraptus wayi. Mate yake yana sumu, na wachache tu kileleni wanatosha kukuangushia sehemu kubwa ya mavuno.

Mwindaji wa mdudu huyu tunaye bure: maji moto, wale chungu wakali wanaojenga viota vyao juu ya miti kwa majani. Wanapita kwenye makuti na mashada mchana na usiku, wakimpata wanamshika miguu, wanamvuta huku na huku mpaka aishe nguvu. Mtafiti wa wadudu M. J. Way alilichunguza jambo hili hapa Zanzibar na kulichapisha mwaka 1953 na 1954. Alionesha pia kwamba maji moto wana adui wao, nao ni wale chungu wadogo wa kahawia wa ardhini, ambao miongoni mwao wamo askari wenye vichwa vikubwa. Wakishajaa shinani, maji moto hawawezi kupita, wanazidiwa na kuuhama mnazi.

Na sisi ndio tunaowalisha. Matumbo ya samaki, vichwa vya dagaa, ukoko, mafuta ya kukaangia, mavi ya kuku yakiwa na chakula chake ndani: vyote vinamwagwa mbichi palepale kwenye shina, eti mnazi upate nguvu. Walio karibu na madiko ndio hodari zaidi wa kosa hili. Inama uangalie shina kama hilo: utaona udongo laini uliofukuliwa na mstari wa chungu wadogo unaopanda. Hapo juu hakuna tena anayewinda.

Taka si mbaya. Ubaya ni kuzitia mbichi, na kuzitia mahali pasipo pake.

Lundika mita 20 au zaidi kutoka kwenye mnazi wowote. Lundo liwe na upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Likiwa dogo kuliko hivyo halishiki joto. Taka za samaki ziwe katikati, na kila tabaka lake lifunikwe kwa majani makavu yenye unene wa sentimita 20. Geuza kila baada ya wiki 2, kwa miezi 3. Miezi 3, ndugu zangu, si wiki 3! Kila msimu nawakuta watu wanachota lundo ambalo bado linatoa mvuke, na ukiuliza wanasema mvua imewawahi. Mvua haikuwahi, wewe ulichelewa kuanza. Lundo la masika huanza mwanzoni mwa Disemba, la vuli huanza Julai.

Kabla ya kutia, jaribu hivi: weka kiganja kimoja cha mboji juu ya jani la mgomba karibu na shina, asubuhi, uache kwa saa moja. Chungu wadogo wakiizonga, bado ni chakula. Irudishe ioze.

Mnazi mkubwa unatosha kilo 25 kwa mwaka, yaani kama ndoo 2 za lita 20, ndoo moja kila msimu. Subiri mvua za kwanza ziloweshe ardhi. Chimba mfereji wa duara kati ya mita 1 na mita 2 kutoka kwenye shina, kina sentimita 10 hadi 15, tia, fukia siku hiyohiyo. Mita ile ya kwanza iache wazi kabisa. Pima kwa kamba, msipime kwa jicho, kwa sababu kila jicho nililoliamini lilikuta mboji imegusa shina.

Viota vya maji moto vikirudi makutini na vidaka vikapungua chini, umefanikiwa.

Wakwezi watalalamika kuumwa. Wapakaze jivu mikononi na miguuni kabla ya kukwea, lakini wasichome kiota wala kupuliza dawa ya wadudu kileleni, maana dawa inamuua mwindaji pamoja na mwindwa.